Udongo Umepigwa Mionzi, Chuma(II) Bado Kinapanda: Mwongozo Kamili wa Jaribio la Bakteria Wanaopumulia Kutu

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kuliko mwingine wowote huja na picha ya chupa. Udongo ulipelekwa kupigwa mionzi ya gama, cheti kikarudi, sahani za aga hazikuotesha kitu. Halafu chupa hiyohiyo, ambayo inatakiwa iwe mfu, siku ya kwanza inasoma chuma(II) kingi kuliko chupa yenye bakteria hai. Msimamizi anasema sampuli imechafuliwa. Mwanafunzi anarudia kazi yote, mwezi unaisha, anapata yaleyale.

Mara nyingi hakuchafua chochote. Mionzi iliua kama ilivyotakiwa, ila wakati inaua ilifanya na kemia yake pembeni. Udongo uliorudi ni udongo mwingine: vijidudu vimekufa, na maji, mboji na uso wa madini vimeguswa pia. Ukilichukulia kundi lako linganishi kuwa ni "udongo uleule bila bakteria", hesabu zako zinapinda kabla hujafungua daftari.

Mwongozo huu ni wa anayefanya jaribio la maabara la aina hii kwa mara ya kwanza, au kwa mara ya tatu kwa hasira.

## Maneno matatu kwanza

Chuma(III) ni chuma cha kutu: chekundu au cha hudhurungi, hakiyeyuki kirahisi katika maji. Chuma(II) ni kilekile kikiwa kimepokea elektroni moja. Hiki huyeyuka zaidi. Bakteria kama *Shewanella* na *Geobacter* hupumulia chuma(III) kama sisi tunavyopumulia oksijeni: wanakula chakula, elektroni zinazobaki wanaisukumia kutu. Kazi hiyo ndiyo tunayoipima.

Kutakasa, kwa maana ya hapa, ni kuua kila chenye uhai ndani ya sampuli, mbegu ngumu za bakteria zikiwemo.

Grei ni kipimo cha dozi ya mionzi: jouli moja ya nishati kwa kila kilo ya kitu. Sisi tunazungumza kilogrei, kGy. Wengi wanaichanganya kazi hii na ile ya mbung'o wa Unguja, waliomalizwa miaka ya 1990 kwa kuachia madume waliopigwa mionzi Tanga. Wale madume walipewa dozi ya grei mia na ushee, wakawa tasa huku wakiendelea kuruka. Udongo unahitaji dozi kubwa zaidi ya hiyo kwa mamia ya mara.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Tope au udongo, kilo moja hivi, na mtungi wa kioo wenye mdomo mpana
- Chumvi ya chuma(III) naitreti yenye maji tisa, gramu 40, na potasiamu haidroksaidi ya moli 1 kwa lita
- Sentrifuji, kipima pH, na vijiti vya kupimia naitreti, naitriti na peroksaidi
- Mifuko minene ya polithini, na mashine ya kuifunga kwa joto
- Chupa ndogo za kioo za mililita 50 au 100, vizibo vinene vya mpira wa butili, na vifuniko vya alumini vya kubana
- Gesi ya nitrojeni, ikiwezekana iliyochanganywa na asilimia 20 ya kaboni dioksaidi
- Mabomba ya sindano ya mililita 1 na sindano zake
- Asidi hidrokloriki ya moli 0.5 kwa lita, ferozini (kemikali inayogeuka zambarau ikikutana na chuma(II)), bafa (maji yanayoshikilia pH) ya pH 7, na spektrofotomita inayosoma nanomita 562
- Sodiamu lakteti au sodiamu aseteti, na sodiamu baikaboneti
- Bakteria: ama kimelewa safi (bakteria wa aina moja waliooteshwa maabara) cha *Shewanella oneidensis*, ama kiasi cha udongo wako mbichi uliotunzwa kwenye friji
- Sumaku. Hata ile ya spika iliyokufa inatosha

Mionzi yenyewe huna, na hutakiwa kuwa nayo. Inapigwa kwenye kituo chenye leseni, chini ya mamlaka ya nchi: Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, Kenya ni KNRA. Chanzo cha kawaida ni kobalti-60.

## Hatua ya 1: Panga makundi kabla hujagusa udongo

Hapa ndipo majaribio mengi yanapokufa, na yanakufa kwenye karatasi. Watu hupanga makundi mawili: udongo hai na udongo uliopigwa mionzi. Makundi mawili hayawezi kukwambia kama tofauti imeletwa na kukosekana bakteria au na mionzi kubadili udongo.

Panga hivi, chupa tatu kwa kila kundi:

Kundi A: udongo mbichi, na chakula.
Kundi B: udongo uliopigwa mionzi, na chakula, bila bakteria.
Kundi C: udongo uliopigwa mionzi, na chakula, na bakteria waliorudishwa.
Kundi D: kama C, lakini bakteria wenyewe wameuawa kwa moto kabla ya kutiwa.

Kundi D linaonekana kama anasa hadi siku utakapogundua kwamba kimelewa chako kilikuja na chakula chake na chuma(II) chake. Usiliruke.

Ukitumia madini safi badala ya udongo, ongeza kundi E: madini yasiyopigwa mionzi, na chakula, na bakteria. Ulinganisho wa C na E ndio unaojibu swali lenyewe: je, mionzi imeifanya kutu iliwe haraka zaidi, au polepole zaidi?

Wengine wataniuliza kuhusu otoklevu, chungu cha kutakasa kwa mvuke wenye shinikizo. Ni nafuu na iko kila mahali, ila kwa madini ya chuma ni adui. Nyuzi 121 na unyevu huisukuma ferihidraiti, ile kutu laini isiyo na fuwele nzuri, igeuke kuwa hematiti au gethiti ambazo bakteria hawazipendi. Mionzi ina dosari zake, lakini kwa kutu laini hupotosha kidogo kuliko moto. Sumu nazo, kama azidi, huzuia sehemu tu ya vijidudu na huweza kuingiliana na chuma chenyewe.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kumweleza mtu, kwa kila kundi, swali moja ambalo lisipokuwepo halitajibika.

## Hatua ya 2: Chota tope, usilipe hewa

Tope la kufaa utalijua kwa macho. Tafuta mahali ambapo maji yaliyotulia yana utando unaong'aa kama mafuta ya taa: ukingo wa bwawa, mfereji wa shamba la mpunga, chemchemi iliyotoa uchafu wa rangi ya chungwa. Uguse utando huo kwa kijiti. Ukipasuka vipandevipande kama kioo chembamba na usijiunge tena, ni chuma. Ukizunguka kijiti na kujifunga, ni mafuta kweli, nenda kwingine.

Chota chini ya maji, jaza mtungi hadi ufurike, na funga kifuniko ukiwa bado ndani ya maji. Sababu ni kwamba chuma(II) kwenye pH ya kawaida huliwa na hewa ndani ya dakika chache; tope la kijivu utaliona likipata ngozi ya kahawia mbele yako. Lipeleke kwenye friji siku hiyohiyo.

Chuja kwa chekecheo la milimita 2 huku nitrojeni ikipita juu yake, changanya vizuri, kisha gawa. Nusu inakwenda kwenye mionzi, nusu inabaki friji kwa makundi A na C.

Kabla ya kugawa, pima chuma(II) kwa njia ya hatua ya 8. Andika namba hiyo kwa kalamu ya wino. Bila hiyo, hutaweza kamwe kujua mionzi ilifanya nini.

## Hatua ya 3: Tengeneza ferihidraiti yako

Kama unafanya kazi na udongo tu, ruka. Lakini nashauri usiiruke: madini safi hukuonyesha kinachotokea pasipo mboji kukuchanganya.

Yeyusha gramu 40 za chuma(III) naitreti katika mililita 500 za maji yaliyosafishwa. Koroga kwa nguvu, ongeza potasiamu haidroksaidi taratibu. Utahitaji karibu mililita 330. Zile 20 za mwisho zitie tone kwa tone huku jicho likiwa kwenye kipima pH. Simama kati ya 7 na 8. Ukipita hapo, kutu yako itaanza kujipanga fuwele za gethiti.

Utaona uji mzito wa rangi ya chokoleti nyekundu. Uoshe kwenye sentrifuji mara tano au sita, hadi kijiti cha naitreti kisibadilike rangi.

Nasisitiza kuosha kwa sababu mionzi huigeuza naitreti kuwa naitriti. Naitriti katika asidi hula chuma(II), kwa hiyo vipimo vyako vitasoma chini. Naitreti yenyewe nayo hupumuliwa kwa urahisi kuliko kutu: bakteria wataimaliza kwanza, na wewe utadhani wamelala.

Wapo wanaotumia chuma(III) kloraidi kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Inawezekana, lakini kloraidi iliyobaki husaidia kuzaliwa kwa akaganeiti, aina ya kutu inayobeba kloraidi kwenye vijitundu vyake. Ukiitumia, osha mara mbili zaidi.

Onyo: usikaushe kwenye tanuri. Itunze ikiwa majimaji, kwenye friji, na uitumie ndani ya wiki chache.

## Hatua ya 4: Funga kwa ajili ya safari

Mara yangu ya kwanza nilifunga kila kitu tayari kwa kazi: chupa, vizibo vya butili, vifuniko vimebanwa. Nilijiona mjanja, maana sikuwa na haja ya kufungua tena. Chupa zikarudi zimekuwa za rangi ya chai ya rangi, na vizibo vinanata kwenye vidole kama ubani uliotafunwa. Kioo kubadilika rangi hakina madhara kwa sampuli, ni mionzi tu imekitikisa. Butili iliyolainika ndiyo balaa, kwa sababu inaingiza hewa, na hewa ikiingia jaribio limeisha.

Kwa hiyo:

1. Weka sampuli kwenye mifuko ya polithini, miwili kwa kila sampuli, mmoja ndani ya mwingine.
2. Itandaze iwe bapa, unene usiozidi sentimita tatu. Donge nene hupokea dozi kubwa upande mmoja kuliko mwingine.
3. Toa hewa kwa nitrojeni kabla ya kufunga, kama sampuli yako ni ya mahali pasipo oksijeni.
4. Acha nafasi kidogo ndani ya mfuko. Mionzi huvunja maji na kutoa gesi ya haidrojeni. Mfuko uliobanwa kabisa utapasuka kwenye mshono.
5. Usitumie kitu chochote cha teflon. Kinaoza kwa mionzi.
6. Andika kwa penseli kwenye karatasi iliyo kati ya mfuko wa ndani na wa nje.

Unyevu nao ni uamuzi. Tope likiwa na maji, mionzi huvunja maji na vipande vyake vikali hushambulia seli. Likiwa kavu au limegandishwa, vipande hivyo havitembei, na vijidudu hustahimili zaidi. Kugandisha hulinda madini, lakini inabidi upandishe dozi. Mimi hupeleka sampuli ikiwa na maji yake, imepoozwa kwa barafu bila kugandishwa, na ninakubali gharama ya kemia. Kisha naipima.

## Hatua ya 5: Dozi

Watu wengi huandika kwenye fomu "25 kGy", kwa sababu ndiyo dozi iliyozoeleka kwa mabomba ya sindano na vifaa vya hospitali. Bomba la sindano linatoka kiwandani likiwa na vijidudu vichache. Gramu moja ya tope ina mamilioni kwa mamilioni.

Fanya hesabu hii. Tuseme mbegu ngumu za bakteria kwenye tope lako zinahitaji 3 kGy ili zipungue hadi sehemu moja ya kumi. Dozi ya 25 kGy ni mipunguo minane na kidogo: mbegu milioni mia moja zinabaki moja. Moja inatosha. Ukiwapa chakula na wiki mbili, itakuwa jeshi. Dozi ya 50 kGy inakupa mipunguo zaidi ya kumi na sita, na hapo unaweza kulala.

Bakteria wa chuma wenyewe ni dhaifu. Grei 70 tu huua tisa katika kumi ya *Shewanella oneidensis*. Wasumbufu ni majirani zao wenye mbegu, wakina *Clostridium*, ambao pia huweza kusukuma elektroni kwenye chuma wanapochachusha chakula.

Kasi ya dozi ina maana kubwa. Watafiti wa Manchester, Uingereza, waliokuwa wakichunguza mabaki ya nyuklia, waliacha tope chini ya mionzi ya grei 30 kwa saa kwa muda wa wiki nane. Zidisha: ni karibu 40 kGy, dozi ya kutakasa kabisa. Tope lile liliendelea kubadili chuma(III) kuwa chuma(II), ingawa polepole zaidi lilipopewa chakula. Jamii ya bakteria ilibadilika, wastahimilivu wakashika usukani. Dozi ikija kidogokidogo, seli zinapata muda wa kujikarabati na kuzaana. Kituo chako kinapaswa kutoa dozi yote kwa saa kadhaa au siku chache, si wiki.

Omba mambo manne kwa maandishi:

- Dozi ya chini kabisa na ya juu kabisa iliyopokelewa ndani ya furushi lako, kutoka kwa vipimadozi
- Kasi ya dozi kwa saa
- Joto la chumba wakati wa kazi
- Tarehe na saa ya kuanza na kumaliza

Kuna kituo kimoja kilinirudishia boksi likiwa na kistika kilichogeuka rangi, basi. Kistika husema boksi lilipita mbele ya mionzi. Hakisemi lilipata kiasi gani. Nililipia dozi ya 50 na hadi leo sijui nilipata ngapi. Sampuli zile nilizimwaga.

Hofu isiyo na msingi: sampuli iliyopigwa gama ya kobalti-60 haiwi na mionzi yenyewe. Ibebe mkononi bila wasiwasi.

Umefaulu kama dozi ya chini kabisa kwenye cheti haipungui ile uliyoiomba. Usiangalie wastani.

## Hatua ya 6: Sampuli imerudi, usiikimbilie

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila aliyeniandikia aliiruka.

Kilichotokea ndani ya mfuko ni hiki. Maji yalivunjika, yakatoa vipande vya aina mbili vinavyopingana. Baadhi hukinyang'anya chuma elektroni, vingine hukipa. Yupi ashinde inategemea kilichomo. Pakiwa na asidi, oksijeni na maji safi, mionzi hugeuza chuma(II) kuwa chuma(III). Kuna kipimadozi cha zamani kiitwacho cha Fricke kinachofanya kazi kwa mabadiliko hayohayo. Tope lako ni kinyume chake: lina mboji nyingi, na mboji hudaka vile vipande vinavyonyang'anya. Vinavyotoa elektroni vinabaki bila mpinzani, vinatua kwenye uso wa kutu. Matokeo yake ni chuma(II) bila bakteria hata mmoja.

Juu ya hapo, seli zilizokufa zimepasuka na kumwaga amonia na kaboni inayolika. Mboji imekatwakatwa kuwa vipande vidogo. Haidrojeni imejaa kwenye mfuko, na haidrojeni ni chakula cha bakteria wengi wa chuma. Vimeng'enya vya marehemu vinaendelea kufanya kazi kwa muda, kama feni inayozunguka baada ya umeme kukatika.

Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Fungua chini ya nitrojeni, hamishia kwenye chupa zilizotakaswa kwa otoklevu, na vizibo vipya vya butili.
2. Pitisha nitrojeni kwa dakika 20 kutoa haidrojeni.
3. Pima peroksaidi (nayo hutokana na maji yaliyovunjika) na naitriti kwa vijiti.
4. Pima chuma(II). Hii ndiyo sifuri yako mpya. Ilinganishe na namba ya hatua ya 2.
5. Acha chupa gizani, bila chakula, kwa siku saba hadi kumi na nne. Pima chuma(II) kila baada ya siku tatu.
6. Wakati huohuo, jaribu utakaso: sahani za aga kwenye hewa, na chupa ya uji wa virutubisho wenye chuma(III) sitreti bila hewa, zote kwa nyuzi 30 kwa wiki mbili. Sahani za hewa peke yake hazitaonyesha *Clostridium* wala *Geobacter*.

Sasa soma umbo la mstari wako, maana umbo ndilo linalosema:

Umeanza juu, kisha umetulia. Hiyo ni kemia ya mionzi na imekwisha. Endelea na kazi, ondoa namba hiyo kwenye hesabu.

Unapanda haraka siku za mwanzo, kisha unapungua kasi. Mabaki ya kemia au vimeng'enya. Subiri utulie ndipo utie chakula.

Umelala siku kadhaa, kisha unapanda na kuongeza kasi. Kuna kilichobaki hai. Ni kuzaana tu kunakoleta mkunjo wa namna hiyo. Rudisha sampuli ipigwe upya.

## Hatua ya 7: Chakula na bakteria

Hapa hakuna siri. Andaa maji yenye sodiamu baikaboneti milimoli 30 kwa lita, chumvi kidogo za amonia na potasiamu, na lakteti milimoli 10 kama unatumia *Shewanella*, au aseteti milimoli 10 kama ni *Geobacter* au udongo. Fosfeti iwe kidogo sana, la sivyo chuma(II) kitajifungia humo kama vivianiti, madini ya chuma na fosfeti. Toa hewa, pH iwe karibu na 7.

Kimelewa cha *Shewanella* kioshwe mara mbili kwa bafa isiyo na hewa. Kwa kundi C la udongo, tia kiasi kidogo cha udongo mbichi uliosagwa katika maji, asilimia moja ya uzito inatosha. Kimelewa cha kundi D kichemshwe dakika 20 kwanza; kama ni udongo, upite kwenye otoklevu, maana mbegu ngumu hustahimili kuchemka.

Tia kwa sindano kupitia kizibo, ambacho umekipangusa kwa spiriti. Weka chupa gizani kwa nyuzi 30. Mwanga wenyewe huweza kubadili chuma(III) kukiwa na mboji.

## Hatua ya 8: Pima kwa ferozini

Tikisa chupa, igeuze kichwa chini, vuta mililita 0.1 ya uji kwa bomba la sindano lililosafishwa kwa nitrojeni. Tia kwenye mililita 4.9 za asidi, acha saa moja. Chukua mililita 0.1 ya asidi hiyo, tia kwenye mililita 4.9 za ferozini yenye bafa. Ikigeuka zambarau, ndicho chuma(II). Soma kwenye nanomita 562 mapema, chuma(III) kisipate muda wa kujibadili kwa mwanga wa dirishani.

Hesabu: namba ya ferozini, yaani inavyofyonza mwanga ikiwa na chuma(II), ni lita 27,900 kwa moli kwa sentimita. Ukisoma 0.279 kwenye kikombe cha sentimita moja, kikombe kina mikromoli 10 kwa lita. Umechanganya mara 50, halafu mara 50 tena, kwa hiyo zidisha kwa 2,500: uji una milimoli 25 kwa lita.

Kwa sampuli iliyopigwa mionzi kuna mtego. Peroksaidi iliyobaki hula chuma(II) mara tu asidi inapoingia, nawe unasoma pungufu. Mtego huu una dawa rahisi: tia kiasi unachokijua cha chuma(II) kwenye sampuli ya kundi B, kisha pima. Ukitia milimoli 5 na kupata ongezeko la 5, sampuli iko salama. Ukipata 3, kuna kinachokula, na hutakiwi kuendelea hadi kiishe.

Asidi hii haiyeyushi vizuri hematiti wala magnetiti, madini meusi ya chuma yanayovutwa na sumaku. Ukiona uji umekuwa mweusi huku namba zimesimama, si kwamba bakteria wamechoka. Chuma(II) kimejificha ndani ya magnetiti.

Pima siku ya 0, 1, 2, 4, 7, 14 na 21.

## Hatua ya 9: Mafanikio yanafananaje

Kundi B na D yamelala mstari mmoja, bapa, juu kidogo ya sifuri. Kundi C limepanda na kuyaacha mbali. Kwa ferihidraiti, rangi ya C inahama kutoka chokoleti kwenda kahawia ya giza hadi nyeusi. Sogeza sumaku ubavuni mwa chupa: unga mweusi unatambaa kwenye kioo kuifuata. Hiyo ni magnetiti, na ukishaiona mara moja hutaisahau. Kwenye maji yenye baikaboneti nyingi unaweza kupata sideriti, madini ya chuma na kaboneti, badala yake, iliyopauka na isiyojali sumaku.

Kabla ya kulinganisha makundi, ondoa sifuri ya kila moja, kisha linganisha kasi, si kilele.

C ikiwa na kasi kuliko A au E, usishangae. Bakteria wamepata karamu ya mabaki ya seli, au uso wa madini umeanza na chuma(II) kidogo. Kutofautisha: rudia kwa madini safi yasiyo na mboji. Tofauti ikibaki, ni uso. Ikitoweka, ilikuwa chakula.

C ikiwa polepole kuliko A, kwa udongo mara nyingi ni kwa sababu asilimia moja ya jamii uliyoirudisha bado inajipanga. Mpe wiki moja zaidi.

C ikiwa polepole kuliko E, kwa madini safi, shuku fuwele. Katika dozi ya megagrei moja, mara ishirini ya dozi yetu, ferihidraiti imeonekana ikielekea kufanana na akaganeiti. Kwa 50 kGy sitarajii makubwa, lakini kama chuo chako kina mashine ya eksirei ya kusoma fuwele, peleka kijiko kimoja kabla ya mionzi na kimoja baada.

## Yanayoulizwa kila wiki

Naweza kupiga mionzi chupa ikiwa na chakula tayari ndani? Hapana. Lakteti itakatwakatwa, na hutajua tena umempa bakteria nini.

Sampuli iliyotakaswa hukaa muda gani? Ikiwa kwenye mifuko miwili isiyotoboka, kwenye friji, miezi kadhaa kwa upande wa vijidudu. Kwa upande wa chuma, pima sifuri upya kila unapofungua mfuko.

Kundi B langu lina chuma(II) mara mbili ya udongo mbichi. Niitupe data? Usiitupe. Chora mstari wa siku saba za hatua ya 6. Kama umetulia, hayo ni matokeo, yaandike: dozi, kasi ya dozi, unyevu, chuma(II) kabla na baada. Atakayekufuata kwenye maabara hiyo ataanzia hapo.

Nimekosa nafasi kwenye kituo, nitumie otoklevu tu? Kwa udongo mwekundu ambao kutu yake tayari ni hematiti na gethiti, unaweza kujaribu: nyuzi 121, saa moja, siku tatu mfululizo, ukiiacha kwenye joto la chumba katikati ili mbegu zilizobaki ziamke na kuuawa kesho yake. Kwa tope la bwawani au ferihidraiti, subiri nafasi.